Kunyolewa ndevu kwa maji baridi kwa kinyozi wa Kirumba

Kwa muda wa mwezi mmoja nimekuwa nikinyolewa ndevu kwa maji baridi katika kibanda kimoja cha kinyozi huko Kirumba, jijini Mwanza, nilikoingia mara ya kwanza kwa sababu tu umeme ulikuwa umekatika na birika halikuwa na kazi. Kinyozi hulowesha ndevu kwa kitaulo kilichochovywa ndani ya ndoo, hupaka sabuni kwa brashi, kisha husubiri takribani dakika tatu kabla ya kushika wembe, na subira hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwa kuwa maji baridi hulainisha nywele polepole kuliko ya moto. Siku moja alipofanya haraka, wembe ulinikwaruza kidevuni, na kesho yake nikaamka na vipele viwili shingoni. Siku nyingine zote ngozi imebaki tulivu, bila kuwaka wala kuwasha, hata nikitembea juani hadi soko la samaki la Mwaloni. Wembe hufunguliwa mpya mbele ya mteja. Vinginevyo nisingekalia kile kiti. Mwenye ndevu ngumu za wiki nzima, hata hivyo, afadhali aombe maji ya uvuguvugu.