Klasta ya Nyumbani Mwanza: Ununue Kompyuta Zipi, na Uziwekee Mfumo Upi

Anayetaka kununua kompyuta nne ili aunde klasta yake binafsi, yaani kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa mtandao ili zigawane kazi, kabla hajauliza bei ya hata moja, ajue kwamba hakuna mfumo endeshi wa mezani, uwe Windows, Ubuntu au macOS, unaoweza kuzigeuza kompyuta nne kuwa kompyuta moja yenye kasi mara nne. Kila mashine huendesha nakala yake ya mfumo, na kivinjari chako hakitafunguka haraka zaidi kwa sababu kuna mashine nyingine tatu pembeni. Kinachopata kasi ni kazi inayoweza kugawanywa: programu iliyoandikwa kwa kanuni za MPI, zinazowezesha vipande vya programu kwenye mashine tofauti kupelekeana data, mfululizo wa picha za katuni ambapo kila mashine huchora picha zake katika Blender, au sampuli nyingi za vinasaba zinazochambuliwa kila moja peke yake. Mwanafunzi anayeunda modeli ya mikondo ya maji ya Ziwa Victoria atafaidika, lakini mhasibu mwenye faili kubwa la Excel hatafaidika, na ni heri aongeze RAM tu kwenye kompyuta aliyonayo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa katika kituo cha Goddard cha NASA nchini Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za 486 kwa nyaya za Ethaneti, wakaiita Beowulf. Walitumia vifaa vya dukani na mfumo wa Linux, na hivyo ndivyo klasta ya nyumbani inavyoundwa hata leo. Kwa hiyo swali la mkazi wa Mwanza si kama jambo hili linawezekana, bali ni vifaa vipi vya dukani vinavyomfaa mtu anayenunua umeme kwa LUKU, anayetegemea bando, na ambaye kifaa kikiharibika anataka fundi wa hapahapa mjini akishughulikie. Mpangilio ufuatao nimeupima kwa mambo hayo, pamoja na idadi ya viini vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya hesabu kwa wakati mmoja, unavyopata kwa fedha yako.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, zile zenye upana wa takriban sentimita 18 na unene usiofika sentimita 4: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny. Tafuta zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, kwa mfano i5-8500T, ambayo ina viini sita na imeundwa kwa kiwango cha wati 35. Ya kizazi cha sita, i5-6500T, ina kiwango hichohicho cha wati lakini viini vinne tu. Mashine nne za kizazi cha nane zinakupa viini 24, na kwa kuwa kila moja huja na adapta ya wati 65 au 90, hesabu ya umeme inaeleweka mapema.

Kuna sababu nyingine ya kuzitazama sasa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane hazikubaliki rasmi katika Windows 11. Ofisi nyingi duniani zina sababu ya kuziondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba, ilhali Linux inazitumia bila tatizo lolote. Mwenye bajeti finyu anaweza kuchukua hizo za zamani, mradi agawe bei kwa idadi ya viini kabla ya kukubali, maana punguzo dogo halifidii viini viwili vinavyokosekana katika kila mashine.

Zote nne ziwe za modeli moja, hata kama muuzaji anakupa unafuu kwa mchanganyiko. Kazi ya MPI husubiri mashine iliyo nyuma kuliko zote, na vipuri vinavyoingiliana ni akiba halisi. RAM iwe vipande viwili vinavyolingana katika kila mashine, kwa sababu kipande kimoja cha gigabaiti 16 hupitisha data kwa nusu ya kasi ya vipande viwili vya gigabaiti 8. Kati ya hizo tatu, mimi napendelea Lenovo M720q, ambayo ndani ina nafasi ya kuongezewa kadi ya mtandao kwa kutumia kiunganishi cha ziada. Siku utakapohisi waya wa gigabiti moja umekuwa finyu, hutalazimika kubadilisha mashine.

Usinunue bila kujaribu. Nenda dukani na flash yenye Debian, mojawapo ya aina za Linux, inayoweza kuwaka bila kusakinishwa, na uombe dakika ishirini kwenye kaunta. Bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo mashine inapowaka, uhakikishe kwamba mipangilio ya ndani (BIOS) haijafungwa kwa nywila ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Mashine iliyofungwa hivyo iache mezani, hata muuzaji akisema fundi wake ataifungua kesho. Ukishaingia Debian, amri ya lscpu itakuonyesha prosesa iliyomo kweli, kwa kuwa kibandiko cha nje huweza kuwa cha mashine nyingine. Chomeka waya wa mtandao kwenye swichi ya duka, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, na uone kama kasi inasoma 1000, yaani gigabiti moja kwa sekunde. Ikisoma 100, ama swichi yenyewe ni ya 100 tu, ama waya ni mbovu, ama tundu limechoka. Kisha ipe prosesa kazi nzito kwa dakika kumi na usikilize feni. Kwa Dell, kagua pia adapta: kompyuta huitambua kwa pini ya katikati, na ikipewa isiyoitambua hutoa onyo na kupunguza kasi ya prosesa, jambo ambalo mnunuzi asiyelijua atalichukulia kama uzembe wa Linux. Maliza kwa kudai risiti ya EFD na siku za udhamini zilizoandikwa. Kwa mzigo unaoagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi, ukaguzi huu haupo, kwa hiyo punguzo lake liwe kubwa kiasi cha kufidia mashine moja mbovu.

Nafasi ya pili ni kituo kimoja cha kazi (workstation), yaani kompyuta kubwa ya kitaalamu, chenye prosesa mbili, kama HP Z840 au Dell Precision T7810 iliyotumika. Prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4 zina viini 28 kwa jumla, vyote vikitumia RAM moja. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. RAM ya DDR4 katika mashine ndogo niliyoitaja, ikiwa na vipande viwili, hupitisha takriban gigabaiti 42 kwa sekunde, wakati waya wa gigabiti moja kati ya mashine na mashine haupitishi zaidi ya megabaiti 125: tofauti inayozidi mara mia tatu. Kazi ambayo vipande vyake vinapelekeana data kila mara, na modeli za mikondo ya maji ni za namna hiyo, mara nyingi itakwenda vizuri zaidi kwenye kituo kimoja. Anayetafuta majibu ya utafiti, si ujuzi wa klasta, achukue hiki na akiweke juu ya uchaguzi wangu wa kwanza. Nimekiweka cha pili kwa sababu ya umeme, kwani kila prosesa imeundwa kwa wati 120, na kwa sababu kikiharibika ubao mkuu kazi yote imesimama, wakati klasta iliyopoteza mashine moja kati ya nne inaendelea na tatu.

Ya tatu ni Mac mini yenye chipu ya M4, iliyotoka mwishoni mwa 2024 kwa dola 599 nchini Marekani. Ina viini kumi na haina njaa ya umeme, lakini RAM yake haiongezwi baada ya kununua. Nne za namna hiyo ni fedha nyingi kwa mwanafunzi. Ya nne ni Raspberry Pi 5, yenye viini vinne na adapta ya wati 27. Kwa kujifunzia ni nzuri sana, ila kadi ndogo ya kumbukumbu inayowekewa mfumo haivumilii umeme unaokatika ghafla, na baadhi ya programu za kisayansi zimeandaliwa kwa prosesa za aina ya Intel pekee. Ya tano ni DGX Spark ya NVIDIA, ambayo muuzaji mwenyewe huiita kompyuta kuu ya kibinafsi: ina gigabaiti 128 za RAM, huja na mfumo uliotokana na Ubuntu, na ilianza kuuzwa Oktoba 2025 kwa dola 3,999. Kwa kazi za akili unde ni chombo cha heshima, lakini kwa kazi nyingine bei hiyo haina utetezi. Seva za zamani za rafu, kama PowerEdge R720, usizipeleke nyumbani kabisa, kwa kelele zake na umeme zinaokula hata zisipofanya kazi.

Kuhusu mfumo, ziwekee mashine zote Debian 13 au Ubuntu 24.04, toleo moja lilelile, kwa sababu maktaba za MPI zinazotofautiana toleo huangusha kazi. Madirisha, menyu na kipanya viwe kwenye mashine kuu tu, ile yenye skrini, na Xfce, sura ya mezani iliyo nyepesi, inatosha. Nyingine tatu ziendeshwe bila sura ya mezani, kwani GNOME, sura ya mezani ya kawaida ya Ubuntu, peke yake humeza zaidi ya gigabaiti moja ya RAM ambayo kazi yako ingeitumia. Mifumo ya mezani ina tabia mbili zinazofaa ofisini na kuharibu klasta: kulala baada ya dakika kadhaa bila kuguswa, na kujisasisha yenyewe. Zima zote mbili. Masasisho yapakue mara moja kwenye mashine kuu kwa apt-cacher-ng, programu inayohifadhi nakala za masasisho, nyingine zichukue hapo, na bando lako litalipia faili moja badala ya manne. Windows inawezekana kupitia HPC Pack, programu ya Microsoft ya kuendesha klasta, lakini mashine kuu inahitaji Windows Server na leseni yake. Kuhusu macOS, chuo cha Virginia Tech kiliunganisha Power Mac G5 1,100 mwaka 2003 na kushika nafasi ya tatu duniani kati ya kompyuta zenye kasi zaidi, kwa hiyo uwezo si hoja. Hoja ni bei.

Zimebaki swichi na umeme. Swichi ya gigabiti yenye matundu manane inatosha. UPS ya VA 1000 hubeba mashine nne zenye adapta za wati 65, swichi na skrini, na muda inaokupa ni wa kuzima salama, si wa kuendelea na kazi; waya wake wa USB uunganishwe na mashine kuu, na programu ya NUT izime mashine zote betri inapopungua. Kwa wanaokaa karibu na maji, Kirumba au Capri Point, mashine zisiwe chini ya taa iliyo karibu na dirisha, maana wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda makundi makundi kama moshi hufuata mwanga na kuishia kwenye feni. Kipande cha chandarua mbele ya matundu ya hewa huwazuia, mradi kipigwe brashi mara kwa mara. Mwisho, katika mipangilio ya ndani, mashine tatu zisizo na skrini ziamriwe kubaki zimezimwa umeme ukirudi: mashine kuu iwake kwanza, folda zake zinazotumiwa na mashine zote zipatikane, ndipo iziamshe nyingine moja baada ya nyingine kupitia waya wa mtandao.