Pini Isiyotulia: Uzoefu Wangu na Ramani ya Programu ya Usafirishaji Hapa Moshi

Ninaotesha na kuuza miche ya parachichi na kahawa hapa Moshi, na wateja wangu wengi wanaishi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Kibosho na Uru kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako nyumba nyingi hazina namba na njia nyingi hazina majina. Ninapomkabidhi dereva wa bodaboda au bajaji mzigo kupitia programu ya usafirishaji iliyo kwenye simu yangu, anwani ya mteja ni pini ambayo mimi mwenyewe nimeiweka kwenye ramani kwa kidole. Nimeitumia programu hiyo kuanzia masika hadi sasa, na ninachotaka kukieleza hapa ni jinsi ramani yake inavyopokea mguso.

Nianze na jambo ambalo waliitengeneza vizuri. Pini haiburutwi, imesimama katikati ya kioo, na ramani ndiyo inayosogea chini yake. Naupongeza uamuzi huo kwa dhati, kwa sababu kidole ni kinene kuliko tunavyodhani. Google huwashauri watengenezaji wa programu za Android wakipe kila kitu cha kuguswa nafasi isiyopungua dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye kioo cha simu), yaani kama milimita 9. Kwenye ramani za Google, zinapokuwa kiwango cha 15 cha ukuzaji, nafasi hiyo hufunika takriban mita 230 za ardhi huku kwetu karibu na ikweta, na kwa kuwa kila kiwango huikuza ramani mara mbili, ukifika cha 18 inafunika chini ya mita 30. Anayeburuta pini kwa kidole huificha nyumba ileile anayoitafuta.

Tatizo linaanza pale unapotaka kuikuza ramani. Ukitanua vidole viwili, programu hii huikuza ramani kwa kuzunguka sehemu iliyo katikati ya vidole vyako, wala si kwa kuzunguka pini, na kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuweka vidole viwili katika umbali ulio sawasawa kutoka katikati ya kioo, kila ukuzaji huiacha pini juu ya mahali tofauti kidogo na pale ulipokuwa umepachagua. Ukigusa mara mbili, hali ni hiyohiyo, kwani ramani hukimbilia pale ulipogusa. Kwenye ramani ya kawaida ya kutazama, tabia hiyo ni sahihi kabisa, maana mtu hugusa anachotaka kukiona kwa karibu. Lakini kwenye ramani ambayo katikati yake ndiyo anwani, kukuza na kuhamisha ni mambo mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa. Mpwa wangu anayetengeneza programu za simu alinionyesha kwamba MapLibre, programu huria ya kuchora ramani, ina chaguo la kuifanya ramani ikue kwa kuzunguka kitovu chake vidole vinapotanuliwa, kwa hiyo ninachokiomba si jambo geni kwa mafundi.

Msomaji wa mjini anaweza kuona kwamba pini ikihama mita mia moja si kitu. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, makazi yamekaa juu ya migongo inayotenganishwa na makorongo, na barabara nyingi hupanda na kushuka kwa kufuata mgongo. Zinazovuka kwenda mgongo wa pili ni chache. Pini ikiteleza ikavuka korongo, dereva anapandishwa barabara nyingine kabisa, halafu ananipigia simu: "Mama, hapa nilipo naiona nyumba ng'ambo, lakini njia ya kuvukia hakuna." Inambidi ashuke hadi njia panda na kupanda upya, huku miche ikipigwa na jua. Picha ya setilaiti nayo haisaidii sana, kwa kuwa migomba na miti ya kivuli hufunika mapaa. Tunategemea njia panda, kanisa au shule iliyo karibu, na ndiyo maana tunalazimika kukuza na kupunguza mara kwa mara.

Kuna kero nyingine ndogo. Vidole viwili vikipinda kidogo, ramani huzunguka na kaskazini hupotea, ingawa kugusa alama ya dira hurudisha mambo sawa. Ukiinua kidole kwa haraka, ramani huendelea kuteleza yenyewe kabla ya kusimama. Tone la maji likiangukia kioo, simu inaweza kulihesabu kama kidole, na kwa mtu anayemwagilia kitalu hilo hutokea mara nyingi; hapo lawama ni ya kioo, si ya programu.

Kilichoninusuru ni ishara ya kidole kimoja, ambayo Google Maps inayo na programu hii pia inayo bila kuitaja popote: unagusa mara mbili, mguso wa pili huuachii, kisha unatelezesha kidole juu au chini, na ramani inakua au kupungua huku pini ikibaki palepale. Inafanyika kwa kidole gumba, mkono mwingine ukiwa umeshika mche. Ninasikitika kwamba ishara yenye manufaa kiasi hiki imefichwa, kwa sababu mama muuza maziwa wa Uru hataigundua kwa kubahatisha, na yeye anaihitaji kama ninavyoihitaji mimi.

Kwa sasa utaratibu wangu ni huu: naleta njia panda ninayoifahamu katikati, nakuza kwa kidole kimoja, nasogeza ramani polepole hadi kwenye kihamba, nasubiri ramani itulie kabisa, ndipo nathibitisha. Nimewaandikia watengenezaji nikiwaomba wafanye tanuo la vidole viwili lizunguke pini, na wazime mzunguko wa ramani kwenye ukurasa wa kuchagua anwani. Naipa nyota tatu kati ya tano, na ombi hilo la kwanza likitekelezwa nitaongeza ya nne bila kusita.