Nimebadilisha bushi za pikapu kuukuu, na hasira haijaisha

Bushi za wishiboni za chini nilizibadilisha zote, kulia na kushoto. Wishiboni ni ule mkono wa chuma unaoshikilia tairi na kupanda nalo na kushuka, na bushi ni mpira wenye kibomba cha chuma ndani, pale mkono huo unapofungwa kwenye gari. Haikupita miezi mingi gari likaanza tena mlio uleule, ko-ko-ko, kila nikipanda tuta. Nikarudi gereji ileile. Fundi hakuinama hata kuchungulia. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akaniambia, "Bosi, hili gari limezeeka. Gari zee lazima lilie." Akanipa mgongo, akaendelea na gari la mwingine.

Maneno yale yameniganda mpaka leo. Gari limezeeka, sikatai, limebeba mizigo miaka na miaka. Lakini bushi nayo imezeeka lini?

Nilikaa na ule mlio wiki kadhaa, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba kuweka spea mpya kwenye gari la zamani ni kutupa hela. Niliamini hivyo kabisa. Kisha nikampelekea fundi mwingine, mtu wa maneno machache. Akaichomoa ile bushi, akaniwekea kiganjani. Kwa nje mpira bado mweusi, unang'aa, hata maandishi ya kiwandani yanasomeka. Kwa ndani umechanika mduara mzima, umeachana na kibomba chake cha chuma. Akauliza swali moja tu: "Walipokaza bolti, matairi yalikuwa chini au yananing'inia?"

Yalikuwa yananing'inia. Nilikuwepo, niliona: gari liko juu ya jeki, wamechomeka bomba kwenye spana na wanakaza kwa nguvu zote.

Basi ndipo nikaelewa. Bushi ya mpira ya namna hii haizunguki kwenye bolti. Wishiboni ikipanda na kushuka, ni mpira wenyewe unaojisokota kidogo na kurudi. Ukikaza huku tairi linaning'inia, umeushika mpira mahali pasipo pake. Ukishusha gari, mpira tayari umeshasokotwa, hata hujaliwasha. Kila tuta linaongezea, mpaka unachanika. Bolti zilitakiwa zishikizwe tu, gari lishushwe, likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe kabisa. Ni kazi ya dakika chache! Dakika hizo ndizo alizoninyima yule fundi wa kwanza, kisha akausingizia uzee.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshatulia. Lakini yule fundi wa pili akaweka jeki chini ya wishiboni, karibu na tairi, akapenyeza mtarimbo chini ya tairi na kulinyanyua taratibu. Tairi likapanda kwanza, wishiboni imetulia tuli. Boljointi, kile kiungo kinachounganisha wishiboni na upande wa tairi, ilikuwa imekwisha. Kimpira chake cha kukinga vumbi kimepasuka, grisi imegeuka tope la rangi ya kutu. Boljointi ikichomoka ukiwa kwenye mwendo, tairi linalala ubavu na usukani hauna kazi tena. Mimi nilikuwa nawapakia watoto kwenye gari hilo. Na yule wa kwanza aliifungua wishiboni hiyohiyo kwa mikono yake mwenyewe. Gari lilikuwa linalia kweli, na yeye akaniambia ni kawaida.

Kwa hiyo ile kauli yangu ya kutupa hela naifuta. Boljointi yenye mchezo, yaani iliyolegea, haina mjadala, badilisha hata kama gari lina umri gani, ukapime na alaimenti, yaani mkao wa matairi, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja. Bushi nazo badilisha, ila kwa fundi anayejua kukaza. Shokapu ndizo nasitasita. Nyuma ya gari langu ilikuwa imelala, nikaweka shokapu mpya, ikabaki imelala vilevile, kwa sababu kinachobeba gari ni springi. Shokapu inatuliza mrukoruko tu. Kama hazivuji na gari halidundi, mimi nisingezigusa. Ingawa, kusema ukweli, tangu niweke hizo mpya gari haliyumbi tena kwenye barabara ya makorongo, kwa hiyo labda nazionea.

Kitu kimoja tu kingenifanya niache kabisa: chesisi, yaani fremu ya gari, kuoza kwa kutu pale wishiboni na springi zinaposhikia. Tuligonga kwa nyundo sehemu zote hizo, chuma kikaitika kizima. Siku niliyoondoka pale niliendesha dirisha liko wazi ili nisikilize tu. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nilikuwa nimeshasahau kwamba gari hili lilikuwa tulivu hivi.

Zimebaki bushi za springi za nyuma. Nimeshazinunua, ziko nyuma ya kiti. Siku ya kuzifunga nitasimama palepale mpaka matairi yote yaguse chini, ndipo mtu anyanyue spana ya kukazia.