Vitabu vya mashujaa vya watoto, gundi yake sasa!

Jamani nlinunua seti ya vitabu vinne vya picha vya mashujaa kwa duka moja hapa mjini, sh 2,800, nikaona ghali lakini wapi, binti yangu wa miaka 6 halali bila kile cha Mekatilili, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga wakoloni Waingereza. Ngoma ya kifudu imejaa kurasa mbili nzima, mahando, zile sketi za wanawake wa Kigiriama, yanapepea utadhani vumbi litakuingia machoni, na pale ametoroka kifungoni Kisii 1914 anarudi Giriama kwa miguu wamemchora magaga kabisa, mtoto akaniuliza "mama, hakuwa na ndara?" Nikabaki kucheka. Rosa Parks na lile basi la Montgomery, Marekani, 1955 nikamwambia ni kama uinuliwe kiti kwa matatu ya Likoni sababu ya rangi yako, akanuna kweli kweli, hata chai hakumaliza. Wangari Maathai hivyo hivyo tu, maneno mengi picha chache.

Sasa gundi! Cha Mandela kimebanduka kurasa wiki ya kwanza, kurudisha naambiwa ati watoto wetu ndo waharibifu. Nimekishona na uzi wa cherehani. Ntaongeza vingine lakini kwa duka jingine.