Uzoefu wangu na rola dabi: nunua magoti kabla ya viatu

Kama umeweka shilingi elfu kumi kando ya kuanza rola dabi, elfu sita iende kwa kinga za magoti, viwiko, mikono na kichwa, halafu hiyo inabaki ndio utembee nayo sokoni utafute viatu. Mimi nilianzia upande ule mwingine, nikanunua viatu kwanza juu vilikuwa vizuri na nilivipenda, na hilo kosa nimelilipia kwa mwili wangu. Sasa ni mwezi wa tisa niko ndani ya huu mchezo, Alhamisi jioni na Jumapili mchana, na nimeona niandike venye imekuwa, pesa imeenda wapi na darasa lenyewe liko aje, ndio mwingine akianza asianzie pale nilianzia.

Ukisema dabi hapa Nairobi watu wanafikiria mpira wa Gor na Ingwe, kwa hivyo wacha nieleze. Hii inachezwa na viatu vya magurudumu, mawili mbele mawili nyuma, si vile vya mstari mmoja. Mnazunguka uwanja wa umbo la yai, timu mbili, watu watano kila upande. Mmoja ana nyota kwa helmeti, huyo anaitwa jama, na wale wanne ni mabloka, na kati yao mmoja anaweza kuvaa mstari, huyo ni pivoti. Jama akishapenya lile kundi mara ya kwanza, akizunguka akirudi kila bloka wa wenzao anayempita kihalali ni pointi moja. Mabloka nao wana kazi mbili kwa wakati mmoja, wamzuie jama wa upande ule na wamfungulie wao njia, na wanazuia kwa mabega, kifua, nyonga na mapaja, yaani unagongwa kabisa. Kiwiko hapana, kichwani hapana, mgongoni hapana, ukifanya hivyo unakalishwa nje sekunde 30 na wenzako wanabaki pungufu. Raundi moja haipiti dakika mbili, mnapumzika sekunde 30, mnarudi tena, hivyo hivyo mpaka dakika 60 ziishe kwa vipindi viwili. Hizo sekunde 30 ukiwa umechoka hata maji hujameza zimeisha.

Mimi nauza spea Kirinyaga Road, niko kaunta mwaka wa kumi na moja huu, beringi, bushi, sili za oili, mikanda. Siku moja akaja dada mdogo hivi akaitisha beringi 608, kumi na sita. Nikamuuliza ni mashine gani hiyo inakula 608 kumi na sita, juu hiyo saizi watu huchukua mbili za mota ndogo. Akaniambia ni za viatu, magurudumu nane, kila gurudumu beringi mbili. Akafungua begi akanitolea kiatu kimoja akakiweka hapo juu ya kaunta, akaligusa gurudumu moja kwa kidole na likazunguka na kuzunguka, hakuna sauti, mpaka nikamaliza kuandika risiti bado linazunguka. Miaka yote nimeuza beringi sikuwa nimewahi kufikiria kuna mtu anasimama juu yazo. Jumapili hiyo nilienda kuwaona.

Viatu nilivipata soko la Toi, kwa mama mmoja anauza viatu vya michezo vya mitumba. Akaanzia elfu sita, ati "madam hiyo ni kamera, angalia hata soli haijaguswa", yaani mtumba wa daraja la kwanza, tukasukumana mpaka elfu nne na mia tano. Ngozi nyeupe, pleti ya chuma, vinanitosha nikivaa na soksi nzito. Kama viatu navipa nyota nne bila kufikiria mara mbili, lakini kuna vitu muuzaji hatakuambia, si kwa ubaya, hata yeye hajui. Cha kwanza ni ugumu wa gurudumu, huandikwa ubavuni, namba na herufi A. Yangu yalikuwa 97A, hiyo ni ya sakafu nyororo ya ndani. Koti letu la basketiboli ni simiti ya kawaida yenye changarawe zimeanza kutokeza, nikizunguka raundi kumi miguu imekufa ganzi na meno yanagongana. Nje unataka kama 78A, laini, zinameza vijiwe. Cha pili ni bushi, zile raba mbili mbili zinakaa pale magurudumu yanashikana na pleti, zote ni nane kwa jozi. Zangu zilikuwa zimekauka kama jiwe, nikiegemea kushoto kiatu hakigeuki, na huu mchezo wote ni kugeuka kushoto. Nilizibeba kazini, fundi wa lathe jirani yetu akanichongea nane mpya za poliyurithani kwa mia sita, na ile Alhamisi nilizivaa mara ya kwanza nilihisi nimebadilishiwa miguu. Kwa hivyo ukiwa sokoni bonyeza hizo bushi kwa kucha, ikiacha alama kidogo bado ni hai, kucha ikiteleza ujue utazibadilisha.

Sasa magoti. Nilikuwa nimemaliza pesa kwa viatu kwa hivyo nikaagiza seti kwa duka moja la mtandaoni, elfu moja mia mbili, magoti viwiko na mikono pamoja, picha ilikuwa safi sana. Zilifika na bodaboda siku ya pili, hapo sina neno. Jumapili ya kwanza tulipofundishwa kuanguka, goti la kulia lilipiga simiti mara ya tatu hivi na ile plastiki ikapasuka katikati, kipande kikaingia ndani ya sponji na sponji yenyewe ilikuwa nyembamba kama ya kuoshea vyombo. Nilifura goti nikawa napanda matatu kwa kujivuta. Kurudisha walikataa, wakaniambia bidhaa imeshatumika, sasa mtu atajuaje goti ni zuri bila kulitumia? Iliniuma sana, si ile elfu moja mia mbili tu, ni kwamba hicho ni kitu mtu anakuuzia akijua mwili wako utakilalia.

Zile ninavaa sahii niliuziwa na mwenzetu mmoja aliyepata mpya, elfu tatu mia tano magoti peke yake, na sijutii hata senti. Sponji yake ni nene kama vidole vitatu, plastiki ya mbele imepigwa ribiti, na inafungwa nyuma kwa mikanda miwili. Venye ninawashauri wageni, vaa hapo hapo mbele ya muuzaji kisha piga magoti chini kwa nguvu, si polepole. Ukisikia sakafu, acha. Helmeti nayo lazima ikae chini karibu na nyusi, na usisahau kinga ya meno, ile unachemsha kwa maji kisha unaing'ata ichukue umbo la mdomo wako, wachezaji wa raga wanaijua. Bila hivyo vyote kochi hakuruhusu uingie koti, hata kama umetoka Rongai na nauli imeisha.

Darasa lenyewe ni mia tano kwa siku au elfu moja mia sita kwa mwezi, kwa koti la basketiboli ndani ya ua wa kanisa moja Eastlands. Kochi ni binti mdogo kwangu kama miaka nane lakini akishika filimbi hakuna mtu anamwita binti. Wiki tatu za kwanza hatukufundishwa kukimbia, tulifundishwa kuanguka. Goti moja, magoti mawili, halafu ile ya goti na viwiko unajikunja udogo kama mtu anatafuta sarafu chini ya kitanda. "Kunja ngumi! Kunja ngumi!" Hiyo ndiyo sauti nasikia hata nikilala. Ukianguka na vidole vimetandazwa, aliye nyuma yako ana magurudumu nane na hawezi kusimama ghafla. Kisha unahesabu tatu uwe umesimama. Siku moja nilianguka nikakaa hapo nikijipangusa, kochi akaja akasimama juu yangu akaniambia pole pole, "Mama, ukikaa chini wewe ni jiwe barabarani." Niliamka.

Na bado kuna anguko moja halina somo, la kinyumenyume. Mwezi wangu wa tatu niliteleza nikakalia mfupa wa mkia, wiki nzima nimehudumia wateja nimesimama, juu siwezi kuketi. Dada yangu ni mshonaji, alichukua sponji ya godoro kuukuu akanishonea ndani ya kaptula ya baiskeli, vipande vitatu, viwili kwa nyonga na kimoja hapo nyuma. Sasa ameshawashonea wenzangu sita, mia nane kila moja, na ni nzuri kuliko ya dukani yoyote nimeona.

Kugongwa nilikuwa nakuogopa kuliko yote. Mara ya kwanza bloka mmoja alinichukua na nyonga, nikatoka nje ya mstari kama nimesukumwa na mkokoteni, nikainuka na hasira kabisa. "Kochi, huyu amenigonga makusudi!" Akanijibu, "Ndio. Rudi na wewe umgonge makusudi." Nilisimama hapo kama sekunde mbili hivi nikijaribu kuelewa. Nina miaka 36, nimelea mtoto, nimebishana na wanaume kwa kaunta kila siku ya Mungu, lakini tangu nikue msichana mdogo sijawahi kuambiwa nitumie uzito wangu. Siku zote ni kuupunguza, kuuficha, kuupisha. Nilirudi ndani, nikachuchumaa chini venye tulifundishwa, nikamsubiri, na bega langu lilipomshika kifuani akatoka nje. Raundi ilipoisha alikuja akanipiga ngumi ya salamu. Tangu hapo nimekuwa bloka, na nyonga hizi watu walikuwa wakinishauri nizipunguze ndizo zinanipa nafasi kwa timu.

Mvua ikinyesha tunakaa chini ya mabati ya kibanda cha walinzi na kochi anatusimulia. Nilikuwa nafikiri ni kitu kipya kumbe kilianza Chicago mwaka 1935, jamaa anaitwa Leo Seltzer alikuwa akiandaa mbio ndefu za viatu vya magurudumu, na watu wakaona wanaogongana ndio wanapendeza. Baadaye kikafifia, halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanawake wa Austin, Texas wakakifufua wenyewe, wakakiendesha wenyewe, na Kombe la Dunia la kwanza likachezwa Toronto mwaka 2011, Marekani ikashinda. Afrika pia watu wamewahi kucheza, Cairo na Afrika Kusini.

Kwa nini basi darasa limepata nyota nne kwangu na si tano? Saa. Tunaambiwa saa nane, tunaanza saa tisa kasoro, na mimi nimeacha mambo yangu. Choo kinafungwa Alhamisi jioni na hakuna mtu ana ufunguo. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa tupu mpaka tulipochanga wenyewe, na hilo kwa mchezo kama huu si jambo la kungoja wachezaji wachange. Mvua ndefu za Machi mpaka Mei zinakula karibu nusu ya siku mlizolipia na hurudishiwi kitu. Na tuko wachache, kumi na moja tukijaa, kwa hivyo mara nyingi tunacheza watatu kwa watatu na refa mmoja, ilhali mechi kamili inaweza kuwa na marefa saba. Namwambia kochi haya yote usoni na anasikiliza, hata wiki iliyopita ametafuta ufunguo wa choo.

Kitu kimoja cha wenye viatu tayari: ukinyeshewa usiviweke kwenye begi mpaka Alhamisi. Toa beringi usiku huo huo, fungua kifuniko, zioshe kwa petroli kidogo nje ya nyumba mbali na jiko, zikauke kabisa, tone moja la oili, basi. Nimeuzia watu wa huu mchezo beringi ambazo hawakuhitaji kununua, ni kutu ya siku nne tu. Jezi yangu mgongoni imeandikwa 608, kila mchezaji anajichagulia namba na mimi sikufikiria nyingine.

Kuna kipimo ambacho ligi nyingi zimekitumia kwa miaka, mizunguko 27 kwa dakika tano, na kochi wetu bado anakishikilia kabla hujaruhusiwa kucheza mechi na timu ya nje. Mara ya kwanza nilifanya 17. Kijana wangu wa miaka tisa ndiye hunihesabia, anakaa kwa ukuta na vifuniko vya soda 27 kwenye kikombe, kila nikipita anatoa kimoja anaweka kando, hapigi kelele, anaangalia tu miguu yangu. Mwezi wangu wa tano nikafika 22, nikakwama hapo wiki saba, mpaka dada wa zile beringi akaniambia navuka mguu wa kulia lakini ule wa kushoto hausukumi kitu, umelala. Nikawa nafanya mazoezi ya huo mguu mmoja kwa korido ya ploti yetu usiku nikishika ukuta.

Alhamisi iliyopita filimbi ilipolia niliteleza mpaka kwa ukuta nikashika magoti, siwezi kuongea. Akanionyesha kikombe. Kimebaki kimoja.