Kuvua trauti juu ya barafu huko Crosby, Minnesota: uzoefu wangu (nyota tatu na nusu)

Haya, kuna watu wameniuliza ile safari ya kuvua juu ya barafu ilikuwaje na kama ni halali ya pesa yake, wacha niandike mara moja nisirudierudie. Kwanza mjue mimi mtu wa Mombasa, nimekua na mshipi mkononi pale Kilindini, kwa hivyo kuvua si kitu kigeni kwangu, lakini habari ya kutoboa shimo juu ya maji yaliyoganda ndio uvue, babu yangu ukimwambia angekuuliza umekula nini.

Aliyenitia kwa haya mambo ni jamaa yangu tunamwita Mnyeri, tunapiga shifti ya usiku pamoja huku Brooklyn Park, Minnesota. Yeye trauti, hawa samaki wa maji baridi, anawajua tangu utotoni, manake kwao mito ya Aberdare inao tangu wakoloni walipowatia mto Gura mwaka 1905, na hakuna siku hanichokozi ati sisi wapwani tunajua changu na tafi tu. Basi akaipata hii huduma, dola 280 watu wawili kutwa nzima, hema juu yao, hita juu yao, rodi, chambo na mtu wa kuwapeleka. Kampuni siitaji jina.

Kitu ambacho tangazo halikusema waziwazi ni leseni, hiyo unajinunulia mwenyewe. Na ukitaka trauti Minnesota leseni ya kawaida haitoshi, unaongeza stempu ya trauti, dola 10. Sisi tumegundua saa tano za usiku, safari saa kumi alfajiri, tukanunua kwa simu tukiwa tunapaki sambusa.

Ni kama masaa mawili na kitu kwenda kaskazini. Maji yenyewe si ziwa la Mungu, ni mashimo ya migodi ya chuma, eneo lote linaitwa Cuyuna, migodi ilipofungwa pampu zikazimwa maji yakajaa, siku hizi serikali inapandikiza trauti humo. Kando kando kuna vilima vya mchanga uliochimbwa na pale upepo ulipopeperusha theluji udongo unachungulia mwekundu, mwekundu kabisa kama wa Voi, nikasimama nikautazama mpaka Mnyeri akaniuliza nimekumbuka nini.

Mwongozaji ni mzee wa kizungu, mkarimu, anaongea sana. Kabla hatujakanyaga barafu akatoboa akapima, inchi 12, akasema inchi 4 zinambeba mtu kwa miguu lakini mashimo haya yana kina kirefu na kingo zake zimesimama wima, huchelewa kuganda kuliko maziwa mengine ya jirani, kwa hivyo usimfuate mtu aliyekwambia ziwa la pili liko sawa. Hapo nyota tano, sina neno. Sema akatuhadithia na mgodi wa Milford, hapo hapo karibu, mwaka 1924 maji na tope viliingia vikaua wachimbaji 41, na hajamaliza sentensi barafu ikanguruma chini yetu, mngurumo mrefu umetoka upande huu ukaenda upande ule. Mimi nilisoma kila aya ninayoijua. Mzee akacheka, ati ni barafu inatanuka tu, hiyo kawaida.

Sasa utamu wenyewe. Nilidhani tutakaa katikati kwenye kina, kumbe trauti wakati wa baridi wanazunguka karibu na ukingo, sisi tumekaa penye kina cha mita tatu hivi. Hema lina giza totoro ndani, unalala kifudifudi juu ya mkeka wa sponji, unatia uso karibu na shimo, na wallahi unaona mpaka chini! Maji ya kijani yana mwanga, yaani kama televisheni, mabuu yako mawili yananing'inia pale kwenye ndoano ndogo, halafu kivuli, samaki anakuja polepole na ule mstari wake wa waridi ubavuni, anasimama, anatazama chambo, anakitazama tena, anageuka anaenda zake. Alinifanyia hivyo mara nne. Mnyeri akaninong'oneza acha kutikisa tikisa, huyu si tafi. Samaki wadogo hai hawaruhusiwi kuwa chambo kwenye maji haya na kila mtu ni mshipi mmoja tu, kwa hivyo ni subira na mabuu, na hayo mabuu yaweke mfuko wa ndani yasigande.

Lawama yangu ni hita. Tumeanza saa mbili asubuhi, saa nne na nusu mtungi wa gesi umekwisha, nje nyuzi 22 chini ya sifuri, na mzee keshaondoka na pikipiki yake ya theluji kwenda kwa wateja wengine, simu haishiki. Akarudi saa saba kasoro. Watu wawili wamelipa 280 na mtungi ni nusu?! Vidole sivisikii, vile vitundu vya rodi vimeziba barafu mshipi hauteremki, na ndio wakati samaki ameamua kula. Nikaitupa rodi, nikavua glavu, nikamvuta kwa mkono mtupu mkono juu ya mkono kama niko ngalawani, na akatoka, inchi 13, anarukaruka juu ya barafu huku Mnyeri anapiga kelele kama kafunga goli yeye. Kule kwao rodi ni heshima, akasema nimevua kishamba. Sawa, yeye alipata wawili kwa heshima, mimi watatu kwa ushamba. Kiwango ni watano kwa mtu, kwa hivyo hatukukaribia.

Mzee aliomba radhi na akarudisha dola 40 bila kusukumwa, nyota nusu hiyo ndio imetoka hapo.

Jioni nikawapaka nazi ya kopo na ndimu, nyama yao rangi ya chungwa, laini, mafuta mengi kuliko nilivyotarajia, Mnyeri alitaka kuwakaanga na chumvi tu nikamfukuza jikoni. Msimu unafungwa 31 Machi na ameshaanza kuulizia tarehe nyingine, mimi nimemwambia gesi tunabeba yetu.