Andrews 48H kwenye Harley yangu ya Twin Cam 96, uzoefu wangu

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi mnasoma mistari miwili mnasepa. Kama una pikipiki ya Harley yenye injini ya Twin Cam 96, injini haijafunguliwa ndani, unabeba mtu nyuma na unatembea safari kuliko kushindana kwenye taa za mjini, basi chukua kemshafti (kem, ule mhimili unaofungua valvu za injini) ya Andrews 48H au ya aina hiyo na zile kubwa kubwa waachie wenyewe. Sasa maelezo.

Yangu ni Harley modeli ya Dyna ya 2008, nipo nayo huku Minnesota, Marekani. Injini ni inchi za ujazo 96, cc 1584, silinda mbili za V, kompresheni (injini inavyobana hewa) ya kiwandani 9.2 kwa 1. Chuma kizuri sina ugomvi nacho, ila ukiwa gia ya sita maili 65 kwa saa injini inazunguka kama mara 2,400 tu kwa dakika, sasa ukutane na kilima, mama watoto yupo nyuma, mabegi yamejaa, unapiga mafuta unasikia mngurumo tu kasi haiongezeki, inabidi ushuke gia ya tano na wakati mwingine ya nne. Ile njia ya 61 kando ya mto Mississippi, Red Wing kwenda Winona, naipenda kuliko zote na ndo hiyo ilinifanya nianze kutafuta kem.

Ukianza kuuliza, kila mtu anakutajia lifti, valvu inanyanyuka kiasi gani, kama vile hiyo peke yake ndo inaleta nguvu. Mimi namba niliyoenda nayo ni ile ya valvu ya inteki (ya kuingiza hewa) inafunga saa ngapi. Iko hivi, pistoni ikishafika chini ikaanza kupanda, inteki bado iko wazi kidogo. Kwenye mizunguko mikubwa hilo ni jambo jema kwa sababu hewa inakuja kwa kasi, inaendelea kujaa hata pistoni ikiwa inapanda. Ila kwenye mizunguko 2,000 hewa haina kasi hiyo, pistoni inairudisha ilikotoka, kwa hiyo kompresheni yako ya kweli inashuka na pikipiki inakuwa nzito chini. Kem kubwa nyingi zinachelewa kufunga, wanakuuzia nguvu ya mizunguko 5,000, na mimi huko 5,000 naenda kufanya nini? Maisha yangu yote ya barabarani ni kati ya 2,000 na 3,500. Kufunga mapema sana nako kuna mambo yake, presha inapanda, stata inahangaika kuizungusha injini, na siku ya joto inaanza kugonga ukiikamua kwenye gia kubwa.

Halafu ukilinganisha katalogi hakikisha wote wamepima sehemu moja. Kem za Harley digrii zake (valvu inafunguka na kufunga wapi) kwa kawaida huhesabiwa kuanzia lifta, kile kipande kinachonyanyuliwa na kem, ikiwa imenyanyuka inchi 0.053, ukikuta mtu katoa namba za kuanzia chini ya hapo kem yake itaonekana kubwa kumbe wala.

48H lifti yake ni inchi 0.490, kama milimita 12.4, kwa hiyo springi za valvu za kiwandani zinatosha, huvui hedi. Jirani yangu mmoja Mkongo ana injini kama yangu, duka moja likamuuzia kem kubwa kuliko hii, inamlia vizuri ikiwa imesimama, kila mtu anageuka. Nikamuuliza vipi barabarani, akasema, “Kaka, kule juu inakimbia kama mwizi, lakini hapa chini iko inalala.”

Kufunga tulifunga garaji kipindi cha baridi na fundi mmoja mtu mzima, mimi nikiwa saidia fundi. Pushirodi (vile vijiti kati ya lifta na roka, mikono inayobonyeza valvu) za kiwandani hazina marekebisho, hivyo badala ya kuvua vifuniko vya roka juu huko tulizikata na mkasi wa nondo, silinda ikiwa kwenye kompresheni ili valvu zote ziwe zimefunga, kisha tukaweka za kurekebisha urefu. Kem ziko mbili na cheni mbili, alama za taiming lazima ziangaliane sawasawa, mzee alilaza rula juu yake akaangalia mara ya kwanza, akaenda kunywa chai, akarudi akaangalia tena. Beringi za ndani za kem tulibadilisha zote ingawa za zamani hazikuwa na shida, ukishafika pale usirudishe za zamani. Na hapa sikilizeni, ukishakaza pushirodi za silinda moja USIZUNGUSHE injini mpaka uweze kuzizungusha kwa vidole viwili. Lifta imejaa oili, inataka muda ishuke, ukiwa na haraka valvu inabaki wazi inakutana na pistoni. Mzee alinipiga kofi la mkono nilipogusa gurudumu la nyuma.

Bei sasa. Kem zenyewe nilinunua mia tatu na kitu dola, hapo sawa, ila pushirodi, lifta, beringi na gasketi vilizidi bei ya kem, bado tyuni, yaani kurekebisha programu ya injini. Hii ni injini ya injekta, usiwashe na ramani (programu) ya zamani ukategemea miujiza. Mimi nilitumia kifaa cha kutyuni cha Power Vision, filta ya hewa na eksozi nilikuwa nimeshabadilisha kabla.

Matokeo: kile kilima napanda na gia ya sita, mama watoto nyuma, nikipiga mafuta kwenye 2,300 inavuta hapo hapo. Ikiwa imesimama sauti imebadilika kidogo sana, anayetaka mngurumo wa kukatikakatika atakuwa kapoteza hela. Kupita 4,800 hivi naona inachoka, hilo nililitegemea. Stata inawaka kama zamani.

Mwenye injini mpya zaidi ya Milwaukee-Eight hii haikuhusu, ile ina kem moja na valvu nne kila silinda. Na mwenye Twin Cam 88 ya 1999 mpaka 2006 (isipokuwa Dyna ya 2006), kabla hujanunua kem yoyote fungua kwanza uangalie viatu vya tensheni vinavyokaza cheni za kem, vile ni vya plastiki vinasukumwa na springi, vikiisha vipande vinaingia kwenye oili, anzia hapo kwanza.